Risala ya Akina Mama wa Sabuni, Langoni, Lamu

Mheshimiwa mgeni rasmi, wazee wetu, walimu, majirani na wageni nyote mliofika, Assalaam alaykum.

Karibu Amu. Umepita vichochoro ukipishana na punda hadi ukafika uani kwetu. Tungeweza kukualika ukumbini, lakini tulitaka uone pale kazi inapofanyika.

Mheshimiwa, sisi ni akina mama 14, na kilichotuanzisha ni maji. Visima vingi vya hapa vina chumvi. Sabuni nyingi za dukani ukizisugua kwa maji hayo hukataa kutoa povu, zikabaki mwilini kama utando. Sabuni ya mafuta ya nazi hutoa povu hata kwa maji ya bahari. Na nazi tunazo: tunakuna, tunakamua tui, tunalichemsha kwa moto mdogo mpaka mafuta yajitenge, kisha tunachuja kwa kitambaa.

Kilo 1 ya mafuta hayo inataka gramu 170 za kostiki soda, ile kemikali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, na gramu 340 za maji. Kostiki si magadi ya kupikia maharage. Hii hula ngozi. Hutiwa yenyewe ndani ya maji, kamwe maji yasitiwe juu yake, maana huchemka papo hapo yakarukia uso. Siku hiyo tunavaa glavu na miwani, na mtoto hakanyagi uani. Mwanzoni tulitumia sufuria ya alumini, hatukujua. Ilifoka povu, ikageuka nyeusi, tukaikimbia. Sasa tunatumia ndoo ya plastiki ngumu.

Mheshimiwa, kilichotusumbua zaidi ni harufu. Wewe umepokewa mlangoni kwa kikuba. Asumini, rihani na mkadi vimefungwa pamoja. Harufu hiyo ndiyo tuliyotaka itoke kwenye sabuni. Tulitia asumini mbichi kwenye uji wa sabuni, yaani mafuta na maji ya kostiki yaliyokorogwa kabla hayajaganda, asubuhi tukakuta madoa ya kahawia na harufu imekufa. Kostiki haina huruma na ua. Majani ya rihani nayo hupoteza rangi, basi tunayakausha kivulini na kuyaloweka katika mafuta majuma mawili kabla ya kazi. Mafuta ya mchaichai hustahimili. Ya karafuu hustahimili pia, ila yana haraka: ukiyatia, uji hushikana ghafla, na asiyekuwa na kalibu ya kumiminia tayari ubaoni atakwangua ndoo kwa kisu.

Harufu ya asumini tuliipata kwa njia ya bibi zetu walioweka maua kati ya nguo sandukuni. Sabuni hukaa rafuni wiki nne hadi sita ikauke na ukali wake uishe. Siku saba za mwisho tunazipanga sandukuni, tunatandaza vikonyo vya asumini vilivyochumwa alasiri kabla havijafunguka, na kila siku tunavibadilisha. Vinafunguka usiku humo ndani. Harufu inayobaki ni ndogo, lakini ni yenyewe.

Mheshimiwa mgeni rasmi, tuna maombi mawili.

La kwanza ni mizani ya dijitali inayoonyesha tofauti hata ya gramu 1. Mizani ya duka tunayoazima ni ya mawe, na gramu 170 haizijui. Tulipokuwa tukikisia kwa kikombe, fungu zima lilitoka kali, likamuwasha mwenzetu mikono mpaka akashindwa kufua. Lile fungu tulilitupa lote, na mafuta yake yalikuwa ya nazi za miezi miwili. Hatutaki kumuuzia mtu kitu ambacho hatukukipima.

La pili ni msaada wa kupata alama ya ubora ya KEBS, Shirika la Viwango la Kenya. Hoteli moja ilipenda sabuni zetu, ikazirudisha kwa kukosa alama hiyo. Hatuikatai sheria, sabuni inagusa mwili wa mtu. Tunachoomba ni mtu wa kutuongoza katika fomu na vipimo, kwani kila safari ya kufuatilia inaanza kwa boti hadi Mokowe, upande wa bara, na nauli hiyo inatoka kwenye mfuko wa kununulia kostiki.

Vipande viwili utakavyokabidhiwa ni kimoja cha karafuu na kimoja cha asumini. Cha karafuu kimetimiza wiki sita, kitumie leo ukitaka. Cha asumini kimetoka sandukuni asubuhi hii. Tafadhali kinuse kabla hujakilowesha.

Wabillahi tawfiq.

Ni sisi, akina mama wa sabuni, Langoni.