Risala ya Wanafunzi wa Uuguzi wa Afya ya Akili kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Afya ya Akili Duniani, Nairobi

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mkuu wa chuo, walimu wetu, wauguzi wasimamizi wa wadi tunakofanyia mazoezi, wazazi na wanafunzi wenzetu, hamjambo.

Tunakukaribisha kwa furaha, mheshimiwa. Tunaijua foleni ya Thika Road asubuhi, na kuwahi kwako kumetupa heshima kubwa. Ratiba imetupa dakika tano, kwa hiyo salamu zetu ni hizo.

Katika kazi zetu zote tumechagua kukueleza moja: kuzungumza na mgonjwa. Wengi hawaihesabu kuwa kazi. Jamaa wa mgonjwa akimkuta muuguzi ameketi kando ya kitanda anaongea, hudhani anapumzika. Akimkuta na sindano, husema sasa mtu wetu anahudumiwa.

Mwaka 1952, jijini Paris, madaktari Jean Delay na Pierre Deniker walieleza jinsi klorpromazini ilivyowatuliza wagonjwa wa akili. Dawa hiyo tungali tunaitoa hadi leo. Mwaka huo huo muuguzi Mmarekani, Hildegard Peplau, alichapisha kitabu kilichoshikilia kwamba uhusiano wa muuguzi na mgonjwa nao ni tiba, una hatua zake tangu kufahamiana hadi kuagana. Dawa ikapewa kabati, rejista na ufunguo. Mazungumzo, miaka zaidi ya sabini baadaye, katika wadi nyingi hayajapewa hata kiti.

Mheshimiwa, tukupe mfano. Tumeutunga wenyewe, maana mambo ya mgonjwa hayasemwi jukwaani. Kijana analetwa na mamake kutoka Kayole, hajalala siku kadhaa. Anasema, "Sista, hao watu wa redio wananitukana." Mtaani angejibiwa kwa njia mbili. Wa kwanza atambishia: "Redio gani? Wacha hizo." Wa pili atamwitikia: "Eeh, nitawaambia wanyamaze." Yule wa kwanza kamnyamazisha mgonjwa, huyu wa pili kaupa ugonjwa shahidi.

Muuguzi aliyefunzwa huketi upande kidogo, si ana kwa ana kama afisa anayeandikisha taarifa kituoni, na haketi mahali pa kumzibia mgonjwa mlango wala pa kujizibia mwenyewe. Husema, "Mimi siisikii hiyo redio, lakini naona inakusumbua sana. Inakuambia nini?" Kisha hunyamaza. Hapo kwenye kunyamaza ndipo tunapotoka jasho, kwa sababu sisi watu wa Nairobi kimya kikizidi kidogo tunatoa simu. Lakini mgonjwa mwenye mawazo yanayokimbizana huhitaji muda wa kuyakamata, na ukimkatiza kwa swali la pili umempoteza. Wala swali lenyewe si la udadisi. Tunataka kujua kama sauti hizo zinamwamuru ajidhuru au amdhuru mtu, kwa sababu jibu lake ndilo litakaloamua alazwe wapi na aangaliwe kwa karibu kiasi gani usiku huo.

Tumefundishwa pia kutokimbilia "Usijali, mwachie Mungu." Hatuipingi imani, na wengi wetu tuko kwenye kwaya. Ila maneno hayo yakitangulia, mgonjwa huelewa kwamba zamu yake ya kusema imekwisha.

Lililo gumu kuliko yote ni kumuuliza mtu waziwazi: "Umewahi kufikiria kujiua?" Wazazi mlio hapa mnaweza kuogopa kwamba swali hilo litamtia mtu wazo asilokuwa nalo. Halimtii. Aliye nalo humpa nafasi ya kulitua. Kwa miaka mingi hapa Kenya jibu la kweli lingeweza kumpeleka mtu mahakamani, kwa kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilihesabu kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Uamuzi huo umetupunguzia ukuta mmoja, ingawa woga wa polisi haufutwi na hukumu peke yake, na familia nyingi bado husema "alianguka" au "alikunywa dawa kimakosa." Nasi hatuahidi siri tusiyoweza kuitunza. Mgonjwa akisema, "Nikuambie kitu, lakini usimwambie mtu," tunamjulisha mapema kwamba yanayogusa uhai wake lazima timu iyajue.

Sasa maombi yetu. Tunaomba chumba kidogo chenye mlango unaofungika na viti viwili vya kimo kimoja, kwa maana leo mambo ya ndani kabisa ya mtu huulizwa kwenye korido huku sufuria za chakula zikipita. Tunaomba mazungumzo yaandikwe kwenye mgawo wa kazi wa kila zamu kama inavyoandikwa raundi ya dawa. Lisiloandikwa huachwa wadi ikijaa. Tunaomba walimu waketi nasi watusikilize tukizungumza, si kusoma tulichoandika kwenye faili pekee. Na tunaomba wakalimani waliofunzwa. Mama wa Eastleigh anayezungumza Kisomali tu hutafsiriwa na mwanawe wa kidato cha pili. Mheshimiwa, mama gani atayasema ya ndoa yake kwa kinywa cha mwanawe?

Chumba hatukuombi ujenge. Kipo kimoja nyuma ya ukumbi huu, kimejaa vitanda vibovu. Mkuu wa chuo ana ufunguo, na ameridhia ukione kabla ya chai.

Ahsante kwa kutusikiliza.

Ni sisi, wanafunzi wa uuguzi wa afya ya akili.