Barua kwa Dada Yangu wa Tabora: Kuhusu Kuungama na Kurudisha

Kibirizi, Kigoma
Jumapili jioni

Dada yangu mpendwa,

Salamu katika jina la Bwana wetu Yesu Kristo. Barua yako niliipokea Jumatano kwa mkono wa mpwa wako aliyeshuka na treni, nami nimeisoma mara tatu kabla ya kushika kalamu, kwa sababu jambo uliloniuliza si la kujibiwa mtu akiwa amesimama. Sisi huku tu wazima wote. Habari nyingine za nyumbani nitakuandikia siku nyingine.

Umenieleza kwamba katika Kwaresima ulikwenda kwa padri, ukaungama habari ya kiwanja cha marehemu baba yenu, jinsi ulivyokiuza kwa bei moja na kumwambia mdogo wako aliyeko Urambo bei nyingine, na kwamba padri alikuondolea dhambi lakini akakutaka umrudishie mdogo wako haki yake. Unaniuliza mimi, Mwanglikana, kama sharti hilo la pili si mzigo uliowekwa juu ya msamaha ambao Kristo amekwisha kuulipia msalabani. Kiasi ulichonitajia sitakirudia hapa, maana barua hupita mikononi mwa watu wengi.

Padri wako amesema kweli, wala hilo si ukali wake mwenyewe. Kanisa lenu hufundisha kwamba ondoleo huiondoa dhambi lakini haliyarekebishi madhara yote yaliyoletwa na dhambi hiyo, na kwamba aliyechukua cha mwenzake hana budi kukirudisha. Kwetu nako ni hivyo hivyo. Bibi yangu kule Kasulu alikuwa mtu wa Uamsho, ile harakati ya Kikristo ya toba iliyoanzia Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930 ikaenea Uganda, Burundi na huku kwetu Tanganyika, na katika masimulizi yake machozi ya mikutano hayakuwa na nafasi kubwa. Alichopenda kusimulia ni vitu vilivyorudishwa: jembe lililoletwa uani kwa mwenyewe alfajiri, mbuzi aliyeburutwa kwa kamba mwendo wa siku nzima, deni ambalo hata mdai alikuwa amelisahau. Kwake yeye mtu aliyesema ameokoka huku jembe la jirani likiwa bado ghalani mwake alikuwa hajamaliza sentensi yake. Ninahuzunika ninapowasikia baadhi ya wahubiri wa siku hizi wakiwaambia watu kwamba ukiokoka yote yamefutwa, usitazame nyuma. Zakayo, yule mtoza ushuru, alitazama nyuma, akahesabu, akaahidi kulipa mara nne, na ni baada ya ahadi hiyo Bwana aliposema kwamba wokovu umefika katika nyumba ile.

Lakini nisikufundishe kutoka juu, kwa kuwa nimeyajua haya kwa njia ya aibu, na nimeona heri nikueleze, ingawa sikuwahi kukutajia.

Unafahamu kwamba mimi hununua dagaa hapa mwaloni, ufukweni wavuvi wanakoshusha samaki, kwa akina mama wanaoanika, nikawajaza katika magunia na kuwauza, wengine Mwanga sokoni, wengine kwa wasafirishaji. Kwa muda wa miezi 24 nilikuwa na sado mbili nyumbani, yaani ndoo ndogo za plastiki za kupimia. Moja ilikuwa ya kuuzia, nayo ilikuwa sado kama sado zote. Ya pili ilikuwa ya kununulia. Hiyo nilikuwa nimeipasha kitako juu ya makaa hadi plastiki ikalainika, nikakisukuma kutoka ndani kwa mchi kikatuna kuelekea chini. Ukiiweka sakafuni inayumba, lakini mchangani inatulia kabisa, na biashara ya mwaloni hufanyika mchangani. Kila ilipojazwa ilimeza konzi mbili zaidi ya haki yake.

Miongoni mwa walioniuzia yumo mama mmoja mjane, mwenye umri wa mama yangu mzazi. Mwaka 2024, Serikali ilipofunga uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana, sote tunaolitegemea ziwa tulibana matumizi, ila yeye hakuwa na cha kubana. Mwezi Julai alikuja kwangu kuomba mkopo wa shilingi 20,000, nikampa. Akaniomba nisimame naye pale mlangoni, akanishika mikono, akamshukuru Mungu kwa sauti kwa kuwa ameniwekea moyo wa huruma, akaniombea mimi na watoto wangu mmoja mmoja kwa majina yao. Nami niliitikia amina kwa maombi ya mtu niliyekuwa nimemkopesha fedha yake mwenyewe.

Ningependa kukuandikia kwamba siku ile nilitubu, lakini sikutubu. Ziwa lilipofunguliwa na giza la kwanza likafika, yaani zile siku zisizo na mbalamwezi ambazo dagaa huvuliwa kwa taa, vipe, vyombo vya wavuvi wa dagaa, vikatoka na taa zake, na kulipokucha mimi nilishuka mwaloni na sado ile ile.

Wakati huo wote nilikuwa nikienda kanisani. Katika ibada yetu tunaungama pamoja, kwa wingi, tukisema kwamba tumekosa. Ni maneno mema wala siyadharau, kwa maana kanisa ni mwili mmoja na lina makosa ya pamoja, lakini nilikuja kutambua kwamba nilikuwa nimejificha ndani ya ile "tu" ya mwanzo wa neno, kama mtu anayejibanza katikati ya kundi mwenye mali anapopita akitafuta mwizi. Ninyi mnapiga kifua mkisema "nimekosa mimi", na hata hivyo umeniandikia mwenyewe kwamba uliyasema maneno hayo kwa miaka minne bila kukitaja kiwanja. Basi kasoro haiko katika maneno ya sala.

Mwezi Novemba msomaji alifika Kumbukumbu la Torati, sura ya 25, pale Mungu anapomkataza mtu kuwa na vipimo viwili nyumbani mwake, kikubwa na kidogo. Nyumbani mwake, dada yangu. Siku zote nilidhani kosa langu huanza pale mchangani dagaa wanapomiminwa, na kumbe Mungu aliianza hesabu yake tangu stoo, pale sado mbili zilipokaa kimya moja juu ya nyingine. Niliporudi nyumbani nilikwenda kuzitazama, na sikuweza kula.

Hata hapo nilijaribu kupita njia ya mkato. Wiki iliyofuata nilikwenda kwa yule mama na kilo mbili za sukari, nikamwambia, "Mama, kama kuna mahali nilikukosea, naomba unisamehe." Akanijibu kwa upole, "Hujanikosea, mwanangu, Mungu akubariki." Nikaondoka nimebeba baraka niliyoiiba. Nadhani hakuna maneno yanayoharibu toba katika lugha yetu kama hayo mawili, "kama nimekukosea". Tunayasema mwaka unapokwisha, tunayasema misibani, tunayasema mbele ya harusi, na kila mara tunamwachia aliyeumizwa kazi ya kuthibitisha kwamba aliumizwa. Ndugu yake ni "shetani alinipitia". Shetani hakunipitia mimi. Niliwasha makaa, nikasubiri yashike, nikatafuta mchi.

Mara ya pili nilikwenda na sado yenyewe. Zilikuwa siku za mbalamwezi, hakuna dagaa, akawa amekaa barazani anachambua mchele. Nilimwambia: "Mama, hii ndiyo sado niliyokupimia miaka miwili. Niliitanua kitako kwa moto. Nimekuibia." Hakusema neno. Aliinuka, akaingia ndani, akatoka na sado yake, akaziweka zote mbili juu ya saruji ya baraza. Yake ilitulia. Yangu iliyumba, ikagonga saruji mara mbili au tatu kabla ya kusimama. Akajaza mchele katika sado yake, akafuta juu kwa kiganja, akaumimina wote katika yangu, kisha akabaki akiitazama nafasi iliyobaki wazi pale juu. Akachota konzi moja akaongeza, bado. Akachota ya pili, ikajaa. Ndipo akaniuliza, "Sado ngapi?"

Sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio, au kwa matusi, au kwa kukumbatiwa. Tulikaa chini tukahesabu pamoja: kwa wastani sado 30 kwa mwezi, na katika kila kumi moja ilikuwa ya wizi, ndiyo tatu kwa mwezi, na kwa miezi 24 zikawa 72. Nilikuwa nimesoma katika Mambo ya Walawi, sura ya 6, kwamba mwenye kurudisha huongeza sehemu ya tano, nikamwambia nitalipa 86, kidogo kidogo kila giza hadi zitimie, na kwamba zile shilingi 20,000 hazikuwa deni. Akakubali. Nilipopiga magoti kumwomba msamaha alinitazama kwa muda, akasema, "Mungu naona amekwisha kukusamehe. Mimi nipe muda."

Dada yangu, nililia njia nzima, na mwanzoni nililia kwa kuona nimedhulumiwa, kana kwamba msamaha wake ulikuwa haki yangu kwa vile nimesema kweli. Hapo ndipo nilipoona jinsi nilivyokuwa bado nataka kutoa kwa kipimo kidogo na kupewa kwa kipimo kikubwa. Nilikaa na neno lake miezi kadhaa, na ni katika miezi hiyo, zaidi ya miaka yote niliyoimba kwaya, nilipoanza kusema kwa haki kwamba ninamjua Mungu. Awali nilikuwa naomba huku nimemzuia asifike stoo. Nilimsifu kwa uumbaji, nilimwomba mvua na ada za shule, lakini sala zangu zote zilizunguka chumba kimoja bila kukiingia, na mtu hawezi kujuana na yule anayemtembeza sebuleni tu. Kisha nikaelewa kwamba alikuwamo stoo muda wote. Aliiona sado kila alfajiri, na kila alfajiri alinipa pumzi ya kushuka mwaloni. Mtume Paulo anawaandikia Warumi kwamba wema wa Mungu ndio unaotuvuta tupate kutubu, nami nilikuwa nimeusoma mstari huo mara nyingi nikidhani unazungumzia baraka. Unazungumzia uvumilivu wa mwenye mali anayemwona mwizi na kumngojea.

Nabii Yeremia, katika sura ya 22, anamkemea mfalme Yehoyakimu aliyejenga nyumba kubwa kwa kuwatumikisha watu bila ujira, akamkumbusha kwamba baba yake, Yosia, aliwatendea haki maskini na wahitaji, kisha Mungu anauliza kama huko siko kumjua yeye. Hasemi kwamba kutenda haki ni matunda ya kumjua, yaje baadaye kwa wakati wake. Anasema huko ndiko kumjua. Kwa hiyo unaponiandikia kwamba unaungama lakini unamwona Mungu yuko mbali, na papo hapo unaniuliza kama ni lazima uende Urambo, mimi nayaona maswali yako mawili kuwa ni moja.

Basi nenda. Usitume fedha kwa simu ukaandika "zawadi", kwa maana atakushukuru, na shukrani yake itakuchoma kama maombi ya yule mama yalivyonichoma mimi. Usiende na wazee wa ukoo ili akuone umezungukwa, wala usitangulize vitenge na sukari. Kaa naye, taja bei uliyouzia, taja bei uliyomwambia, taja tofauti, kwa tarakimu. Mkewe akiwapo, mwachie yeye mdogo wako aamue kama asikie. Wapo miongoni mwa watu wa Uamsho walioungama mambo ya faragha mbele ya umati wakawavunjia heshima watu wasiohusika, na bibi yangu hakulipenda hilo. Alisema ungamo liishie pale kosa lilipofika. Kama huna fedha zote, sema utalipa lini na kiasi gani. Akikasirika, usijitetee. Akiwaeleza ndugu wengine, vumilia, maana habari hiyo ni yake kama ilivyo yako. Na akikuambia umpe muda, mpe.

Umeuliza pia, mwishoni kabisa kwa maandishi madogo, kama yule mama amenisamehe. Sijui nikujibu vipi ila kwa kukueleza ilivyo. Kwa mizunguko minne ya giza aliuza dagaa wake kwa mtu mwingine, nami nilimpelekea malipo yake nyumbani, akayapokea na kuyaandika katika daftari la mjukuu wake. Giza la tano alinitangulia mwaloni. Alikuwa ameanika chini ya ule mti wa mwembe, amekuja na sado yake mwenyewe, na tangu hapo ndiye anayepima, anafuta juu kwa kiganja, na mimi namshikia mdomo wa gunia. Zimebaki sado 19 katika deni langu.

Niandikie utakapokuwa umerudi kutoka Urambo. Nitakuwa nakuombea Jumamosi, kwa kuwa umesema ndiyo siku mdogo wako huwa hayuko shambani.

Ndimi dada yako katika Kristo.