Maabara ya hidrojeni si ya kupigia picha

Mhariri,

Nalisoma gazeti hili miaka mingi na sijawahi kuwaandikia. Ila habari yenu ya maabara mpya ya hidrojeni ya chuo kikuu imenishinda kunyamazia. Mmesifu jengo, mmetuonyesha wakubwa wakikata utepe, mkaandika kwamba wanafunzi "wanajifunza kwa vitendo". Katika picha zote hizo hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyeshika spana.

Mimi ni fundi wa maabara. Aliletwa kwetu kijana mwenye shahada ya daraja la kwanza, mlinganyo wa Nernst, ule wa kukokotoa volti ya seli, anauandika bila kutazama popote. Nikamwomba aangalie kama kiungio cha bomba la hidrojeni kinavuja. Akainama, akanusa! Gesi isiyo na harufu wala rangi, ambayo mwali wake mchana hauonekani, inayoweza kuwaka ikiwa asilimia 4 hadi 75 ya hewa, na cheche ya milijuli 0.02 tu inatosha kuiwasha. Nguo ya nailoni hutoa kubwa kuliko hiyo. Naamini hayo yote aliyajibu vizuri kwenye mtihani. Lakini hakuna aliyewahi kumpa maji ya sabuni apake kwenye nati atazame mapovu, wala kigunduzi cha gesi akishike, wala kumsimamia akipitisha naitrojeni kufukuza hewa bombani kabla ya kufungulia mtungi. Siku chache baadaye akajaza maji ya bomba kwenye elektrolaiza, kifaa cha kutenganisha maji kwa umeme ili kupata hidrojeni. Madini yakaingia kwenye utando, ile ngozi nyembamba iliyo katikati yake, kifaa kikafa. Miaka yote ya chuo hakuna mwalimu aliyemwachia utando mdogo auharibu mwenyewe, ajue kwa nini tunatumia maji yaliyotolewa madini. Simlaumu kijana. Nawalaumu waliompa cheti.

Na nyinyi waandishi mnaiita hidrojeni "chanzo kipya cha nishati". Si chanzo. Kuipata kilo moja kutoka kwenye maji hula umeme wa kilowati-saa 50 au zaidi, ndani yake hubaki kama 33, na seli ya hidrojeni, kifaa kinachoiunganisha na oksijeni kutoa umeme, ikiirudisha kuwa umeme unapata karibu nusu ya hizo. Aliyepima kwa mita yake umeme unaoingia na unaotoka hadanganyiki kwa kichwa cha habari.

Kuna jambo jingine. Mafundi wa maabara wanastaafu na nafasi zao haziajiriwi. Mhadhiri hupandishwa cheo kwa makala. Anayekaa na wanafunzi jioni nzima wakitafuta uvujaji hakuna anayemhesabu. Badala yake vinanunuliwa vifaa vilivyofungwa kabisa, vyenye kioo na kitufe, na mwanafunzi anabonyeza.

William Grove, mwanasayansi wa Wales aliyevumbua seli ya aina hii, alijenga yake, miaka ya 1839 hadi 1842, kwa mirija ya kioo, platinamu na asidi. Basi kila mwanafunzi apewe seli moja ya sentimita 25 za mraba. Aikaze bolti mwenyewe kwa spana ya kipimo, achore grafu ya volti ikishuka kutoka karibu 1 hadi 0.6 kadiri mzigo unavyoongezeka, kisha aiendeshe mpaka ife. Aifungue, aeleze imekufa kwa nini: utando umekauka, umezama maji, au platinamu inayoharakisha mmenyuko imeingia sumu ya kaboni monoksidi. Aeleze mbele ya fundi, na bila sahihi ya fundi huyo asihitimu.

Fundi wa maabara