Barua kwa wifi yangu: huo muwasho haukuanzia kwenye ngozi

Wifi yangu mpenzi,

Salamu nyingi. Mwanetu anaendeleaje? Mvua hizi na baridi lake la alfajiri najua hazimfai.

Nakuandikia hadharani, jina lako nimeliacha. Haya nimeshakwambia jikoni kwako, ukanijibu "haya wifi, tutaangalia" huku unakoroga uji wa mtoto, ikaishia hapo. Halafu siku niliyompeleka mtoto kliniki ya selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, kwa niaba yako, niliona kwenye mabenchi yale kinamama wengine wenye mikono kama yako. Nikasema basi, niandike, na wao wasome.

Siku ile ulipofungua kilemba niliiona shingo yako. Chini ya sikio la kushoto ngozi imekuwa nene na nyeusi, imejaa mistari, na pembeni yake kuna alama mbichi za kucha. Vidole vimepasuka kwenye maungio. Ulipokamua ndimu kwenye kachumbari ulifumba macho, ukasubiri uchungu upite, ukaendelea kukatakata vitunguu. Hukusema kitu, na mimi mbele ya wageni sikutaka kuuliza.

Mama anasema ni mafuta mabaya. Jirani yako anasema umetupiwa jicho. Wewe mwenyewe unasema ni sabuni ya unga. Sabuni inachangia, sikatai. Lakini sabuni hiyo umefulia tangu hujaolewa, na mikono yako ilikuwa mizima. Kilichobadilika ni usingizi wako na roho yako, tangu mtoto alipoanza kuumwa.

Sikiliza mwili unavyofanya. Mtoto akianza kulia kwa maumivu ya miguu saa nane usiku, kabla hujafikia swichi ya taa, tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo zako zimeshamwaga homoni ya adrenalini. Moyo unaenda mbio. Nyuma yake inakuja homoni nyingine, kotisoli, inapandisha sukari kwenye damu ili upate nguvu za kumbeba, kutafuta bajaji na kukimbia naye hospitali. Hapo mwili umefanya kazi yake barabara. Shida ni kwamba wewe hata wiki ambayo mtoto ni mzima, anacheza mpira uani, bado unalala sikio wazi na kiganja juu ya paji la uso wake, ukipima joto. Mwili haujaambiwa kwamba hatari imepita.

Hali hiyo ikiendelea miezi na miaka, ngozi inaumia. Inapungukiwa na mafuta yake ya asili yanayoshikilia chembe hai zake pamoja, inakuwa kama ukuta uliobanduka lipu: unyevu unatoka, sabuni na vumbi vinaingia. Mishipa ya fahamu iliyo ndani ya ngozi nayo inachochea chembe zinazoleta muwasho. Unajikuna, ngozi inakuwa nene, iliyokuwa nene inawasha zaidi. Usiku ndiyo balaa, kwa sababu mwili ukipata joto la shuka muwasho hupanda, na wewe usingizi wenyewe ni wa kuibia. Mwenye asili ya pumu ya ngozi, kama ulivyoniambia uliwahi kuwa nayo utotoni, hushikwa zaidi.

Najua utasema wifi unaniongezea chumvi. Basi sikia hili. Mwaka 1995 watafiti wa chuo kikuu cha jimbo la Ohio, Marekani, wakiongozwa na Janice Kiecolt-Glaser, waliwachukua wanawake 13 waliokuwa wakiuguza ndugu zao waliopoteza kumbukumbu, na wengine 13 wa umri ule ule wasio na mgonjwa nyumbani. Kila mmoja alikatwa kidonda kidogo cha milimita 3.5 mkononi, kisha wakahesabu siku mpaka kipone. Wasio na mgonjwa walipona kwa wastani wa siku 39 hivi. Waliokuwa wakiuguza, karibu 49. Kidonda kile kile, kisu kile kile.

Na lingine ambalo nililisoma nikakufikiria wewe moja kwa moja. Mwaka 2004 Elissa Epel na Elizabeth Blackburn, huyo Blackburn ndiye aliyekuja kushiriki Tuzo ya Nobel mwaka 2009, walichapisha utafiti wa kinamama 58. Wengi wao walikuwa wakilea mtoto mwenye ugonjwa wa kudumu. Waliangalia vile vifuniko vya mwisho wa kromosomu, nyuzi za urithi zilizo ndani ya chembe hai, vinavyofupika kadiri chembe zinavyozeeka. Kwa kinamama waliokuwa wakiuguza, kadiri miaka ya kuuguza ilivyokuwa mingi, ndivyo vifuniko vilivyokuwa vifupi. Na katika wote 58, waliosema wamelemewa sana walionekana kuwa wamezeeka mbele kwa miaka isiyopungua kumi, wakilinganishwa na wenye msongo mdogo. Kwa hiyo unaposema "mimi sijambo, anayeumwa ni mtoto", wifi, na wewe unaumwa.

Sasa niseme lililonikaa moyoni.

Kuna watu wa upande wetu wamesema ugonjwa huu umeuleta wewe. Wamesema msibani, wamesema kwenye simu, na najua maneno yamekufikia kwa sababu tangu hapo ukija kwetu unakaa ukingoni mwa kiti. Nayajibu hapa, jina la ukoo wetu likiwa juu yangu. Mtoto hazaliwi na selimundu mpaka apokee kinasaba cha ugonjwa huo kwa baba na kwa mama, wote wawili. Kaka yangu anacho chake. Alikipata kwa baba yetu au mama yetu, kwa hiyo huenda na mimi ninacho, na dada zangu wanaosema wapime kwanza damu zao. Wala hiyo si laana. Kinasaba hiki kimeenea huku kwetu kwa sababu mwenye kimoja tu anapata kinga fulani dhidi ya malaria kali, ndiyo maana Tanzania ni miongoni mwa nchi ambazo watoto wengi zaidi duniani huzaliwa na selimundu. Wewe hukumkosea mtu. Maneno yale yamekukosesha usingizi kuliko sindano zote za mtoto, na yeyote wa nyumbani kwetu atakayeyarudia atanikuta mimi.

Kuna kile kikopo kisicho na lebo, cha Kariakoo, unachopaka usiku. Wifi yangu, kitu kinachotuliza muwasho kwa siku mbili na kukung'arisha uso mara nyingi kina dawa kali aina ya steroidi ndani, mfano klobetasoli, na mikorogo mingine imekutwa na haidrokwinoni au zebaki. Steroidi ya kupaka ni dawa ya maana akikuandikia daktari, mahali fulani, kwa muda fulani. Ukiipaka holela usoni na shingoni kwa miezi, ngozi inakuwa nyembamba, michirizi inatokea, fangasi inajificha chini yake, na nyingine inapenya mpaka ndani ya damu. Lakini usiiache ghafla leo baada ya kusoma hapa, kwa sababu ngozi iliyoizoea inaweza kulipuka vibaya. Nenda nacho kwa daktari wa ngozi, akione. Pale Moshi, hospitali ya KCMC, wamekuwa wakifundisha wataalamu wa ngozi tangu miaka ya 1990, na hospitali kubwa nyingi wapo. Mwombe pia akupime presha na sukari. Weusi mnene shingoni wakati mwingine ni dalili ya sukari inayonyemelea, si uchafu wala mawazo tu.

Nasema hivyo kwa sababu sitaki tusukumie kila kitu kwenye mawazo. Tuliaminishwa miaka mingi kwamba vidonda vya tumbo vinaletwa na mawazo, mpaka Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walipoonyesha kwamba vingi vinaletwa na bakteria, vinatibika kwa dawa. Pima kwanza. Na ukiwa chumba cha daktari mwambie na hili la kuamka unalia bila kujua unalia nini. Hilo nalo lina tiba.

Kwa sasa, oga maji ya vuguvugu, paka mafuta ya mgando kabla mwili haujakauka, kata kucha, na glavu ukifua.

Kaka yangu nimeshaongea naye. Akirudi na lori kutoka Tunduma, kliniki ya mtoto ni zamu yake, na atakaa na wewe umfundishe dawa za mtoto, haidroksiyurea anapewa saa ngapi, foliki saa ngapi, maji kiasi gani. Alinyamaza kidogo, akakubali. Usimfanyie kwa sababu anachelewa, mwache achelewe ajifunze.

Na mimi nakuja Ijumaa, kila Ijumaa, nalala na mtoto chumba cha uani. Niandikie kwenye karatasi dozi zake, dalili ambazo nikiziona nisisubiri asubuhi, na namba ya mwenye bajaji anayepokea simu usiku. Ubandike mlangoni kabla sijafika. Wewe ukalale kwa dada yako, maana ukibaki nyumbani nakujua, utasimama mlangoni kusikiliza anavyopumua.

Wifi yako anayekupenda.