Jik haiui koksidia ya sungura

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wanaofuga sungura majumbani, hasa wale ambao mvua zikianza tu, vitoto vinaanza kufa.

Wengi wakiona kitoto kina tumbo limejaa, manyoya yamesimama na makalio yamelowa, hukimbilia Jik, wakaimwaga bandani wakaridhika. Jik inaua bakteria na virusi vingi. Lakini haiwezi kuua koksidia, vimelea vidogo mno vya tumboni, na koksidia ndiyo inayomaliza vitoto vilivyotoka kuachishwa kunyonya. Mayai yake yana ganda ambalo klorini iliyomo kwenye Jik haipenyi. Yanakufa kwa maji ya moto mkali na kwa ukavu.

Mayai hayo yakitoka na kinyesi hayaambukizi papo hapo; yanahitaji siku 1 hadi 4 za joto na unyevu ili yapevuke. Anayeondoa kinyesi kila asubuhi anayatupa yakiwa bado hayana madhara. Anayesubiri Jumamosi amechelewa, hata akija na dawa ya bei gani.

Usafi mkubwa ufanyike hivi. Hamisha sungura. Kwangua pembe za banda, maana hapo ndipo wanapokojoa, na mkojo wao huacha utando mgumu mweupe kama chokaa unaohifadhi uchafu. Ukigoma, uloweshe kwa siki, kisha suuza vizuri. Sugua kwa sabuni, halafu mwagia wavu na mbao maji yanayotokota, si ya uvuguvugu. Anika juani mpaka pakauke kabisa. Anayetaka kuongeza Jik aitumie kabla ya maji ya moto, juu ya banda lililokwisha kuoshwa na kusuuzwa: kipimo 1 kwa maji vipimo 9, dakika 10, kisha asuuze tena. Isikutane na mkojo wala siki, kwani hutoa hewa inayochoma mapafu, ya mfugaji na ya sungura.

Majani yawekwe kwenye kihori, yasitupwe sakafuni, na yanyaushwe kwanza. Vitoto vilivyoachishwa vitengwe na wakubwa. Mkubwa anaweza kunenepa vizuri huku akitoa mayai ya koksidia kila siku.

Sungura mgeni akae peke yake siku zisizopungua 14, ahudumiwe wa mwisho. Mchungulie masikio: magamba ya kahawia ndani ni wadudu wa ukurutu. Usiyabandue, yanauma sana. Mwite daktari wa mifugo ampe ivemektini kwa kipimo cha uzito wake.

Na jambo moja linaniuma. Tafadhali, msiwape sungura vidonge vya amoksilini vilivyobaki nyumbani. Dawa hiyo ikipitia mdomoni huua bakteria wema wa tumboni, wabaya wakazaliana, na sungura aliyekuwa na mafua tu akafa kwa kuharisha.

Mtaalamu wa mifugo,
Morogoro