Malalamiko kuhusu Diski Iliyouzwa kwa Kasi Isiyo Yake

Kondele,
Kisumu.

Kwa Meneja wa Mauzo,

Bwana/Bibi,

KUH: DISKI NILIYOUZIWA DUKANI MWENU

Nina saiba, duka la huduma za intaneti, hapa Kondele. Mwezi uliopita nilikuja kwenu kutafuta diski ya kompyuta ya mwaka wa 2009, yenye SATA 2 (SATA ni njia ambayo data hupitia kati ya diski na ubao wa kompyuta). Nilimweleza mhudumu kwamba diski ninayoitoa huzunguka mara 7200 kwa dakika, na nataka iliyo sawa nayo au kuishinda. Akanionyesha kibandiko rafuni, "megabaiti 600 kwa sekunde", akaniambia hii ni moto. Nikalipa.

Hiyo 600 si kasi ya diski. Ni kikomo cha SATA 3, yaani cha njia yenyewe. Diski ya kawaida ya sahani zinazozunguka haifikii hata nusu yake, na SATA 2 ya mashine yangu hukomea 300. Kumpanulia punda barabara si kumwongezea mbio.

Programu ya kukagua diski imenionyesha mlichoniuzia: mizunguko 5400 kwa dakika. Hiyo ni mizunguko 90 kwa sekunde badala ya 120, na kichwa cha kusomea husubiri kwa wastani milisekunde 5.6 badala ya 4.2. Ni kidogo, mtasema. Lakini Windows inapowaka husoma maelfu ya vifaili vilivyotawanyika, na kusubiri huko hujirudia. Sitaki kuwaonea: kunakili filamu moja ndefu, inayosomwa mfululizo, diski yenu huenda ikaishinda ile kuukuu. Wateja wangu, hata hivyo, huja kwa fomu za mikopo ya masomo ya HELB na ritani za kodi za KRA, na 30 Juni, siku ya mwisho ya ritani, ikikaribia hakuna mwenye subira.

Niliporudi, keshia alinionyesha maandishi ya risiti: bidhaa ikiuzwa hairudishwi. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike kikamilifu na anachonunua. Maandishi ya risiti hayaifuti.

Naomba mnibadilishie kwa diski ya SSD, inayohifadhi data kwenye chipu. Nitaongeza pesa zitakazopungua. Haina sahani ya kusubiriwa, kwa hiyo hata kwenye SATA 2 ingeifaa mashine yangu, na ajabu ni kwamba mhudumu hakuitaja kabisa. Kibandiko nacho kiondolewe, au kiandikwe mizunguko.

Nangoja jibu la maandishi katika siku 14. Diski nimeichomoa, imo kwenye kifurushi chake pamoja na risiti.

Wenu,
Mwenye saiba, Kondele