Msiwanyang'anye watoto kipindi cha michezo

Mhariri,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Likoni. Shule zilipofungwa Machi 2020, watoto wangu wa Gredi ya 1 walikuwa hawajamaliza hata muhula mmoja pamoja. Walirudi Januari 4, 2021.

Nilijiandaa kufidia herufi na hesabu. Kumbe kengele ya mapumziko ndiyo iliyonishinda. Walitoka, wakajipanga ukutani na barakoa zao, kimya, kama watu wasiojuana. Mvulana mmoja alikula muhogo wake nyuma ya tangi la maji wiki nzima. Rafiki yake wa dawati moja alikuwa amehamia bara, babake alipopoteza kazi ya hoteli, na hakuna aliyemwambia. Akaniuliza mimi: "Mwalimu, atarudi lini?" Sikuwa na jibu.

Nikashona mpira wa soksi, nikaingia mwenyewe kucheza kati, ule mchezo wa kurushiana mpira. Siku ya tatu mpira ukamfikia yule mvulana miguuni. Akauokota, akautazama, akaurusha. Wenzake wakamwita kwa jina.

Kisha kalenda ikabanwa, mihula minne ndani ya mwaka, na sisi walimu tukaanza kula kipindi cha michezo tumalize silabasi. Kalenda ilirudi kawaida 2023, lakini tabia hiyo imebaki, nami naiona kila wiki. Nawasihi walimu wakuu: kipindi hicho kimo kwenye ratiba. Waacheni watoto watoke.

Mwalimu,
Likoni, Mombasa